Mapitio: Katekisimu ya Lemius juu ya umodernisti, na vitabu viwili vya kutangulia

Kijitabu cha Padre Jean-Baptiste Lemius, Mwoblati wa Maria Imakulata, kilitoka kwa Kifaransa muda mfupi baada ya Papa Pio X kutoa waraka wake Pascendi Dominici Gregis tarehe 8 Septemba 1907, wa kukataa umodernisti, yaani fundisho kwamba imani na dogma hutoka katika hisia za ndani za mtu na hubadilika pamoja nazo. Mwaka 1908 kikapatikana kwa Kiingereza, na baadaye kikachapwa upya. Kazi ya Lemius ni rahisi kueleza: aliuchukua waraka ule mrefu, akaukata vipande vifupi, na mbele ya kila kipande akaweka swali. Majibu ni maneno ya Papa, karibu yote kama yalivyo. Maswali ndiyo ya kwake. Ndugu yake, Padre Joseph Lemius, ndiye ambaye wanahistoria humtaja kuwa aliandaa rasimu ya sehemu ya mafundisho ya waraka wenyewe, kwa hiyo kitabu kilitoka jirani kabisa na meza ulikoandikwa waraka.

Watu wengi hukitafuta wakidhani kitawafundisha imani. Hakifanyi hivyo, wala hakikukusudiwa kufanya hivyo. Katika katekisimu ya kawaida kila jibu ni jambo la kusadiki. Kwa Lemius sehemu kubwa ya majibu ni mambo ya kukataa, tena yamepangwa kwa ustadi hata yakaonekana yana mantiki. Aliyezoea kukariri katekisimu akianza na hiki atajikuta amekariri umodernisti wenyewe, na akiulizwa Kanisa linajibu nini, anabaki kimya au anasema tu kwamba Papa alikataza. Kwa sababu hiyo mapitio haya ni ya vitabu vitatu: Lemius, pamoja na Katekisimu ya Pio X ya 1912 na Katekisimu ya Roma ya 1566, ambavyo lazima vitangulie.

Ile ya 1912

Kati ya katekisimu zote za zamani, hii ndiyo tunayoipendekeza kwa kuanzia. Ina maswali 433. Pio X aliitoa Oktoba 1912 kwa ajili ya jimbo la Roma na majimbo yanayolizunguka. Haikufanywa lazima kwa Kanisa zima, ingawa ilisambaa mbali. Ina sehemu tatu: ukweli mkuu wa imani kwa kufuata Nasadiki (kanuni ya imani), maadili kwa kufuata Amri na fadhila, kisha njia za neema, yaani sakramenti na sala. Majibu mengi ni sentensi moja au mbili, na sentensi zenyewe zimepimwa: ukiondoa neno moja, maana inaharibika.

Hapa kuna mtego wa kununua kitabu kisicho chenyewe. Jina "Katekisimu ya Pio X" hubandikwa vitabu viwili. Mwaka 1905 Papa huyohuyo alitoa mkusanyo mwingine, mnene zaidi, wenye katekisimu kubwa ambayo maswali yake yanakaribia elfu moja, na tafsiri za Kiingereza zinazozunguka zaidi ni za huo. Fungua penye swali la kwanza. Likiuliza ni nani aliyetuumba, umeshika ya 1912. Likiuliza kama wewe ni Mkristo, na jibu likawa ndiyo, kwa neema ya Mungu, umeshika katekisimu kubwa ya 1905. Zote mbili ni safi, ila kwa kazi hii ya kupambanua umodernisti ile fupi inafaa zaidi, maana fasili zake zinakaa kichwani na unaweza kuzitumia kupimia.

Kasi inayofaa ni maswali 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hayo ni 72 kwa wiki, na kitabu kizima kinaisha kwa wiki sita na siku moja. Siku ya saba ni ya kurudia tu. Wanaokwenda haraka kuliko hapo hukwama kwenye sakramenti, kwa sababu pale maswali yanafuata mtindo mmoja (ni nini, nani huitoa, inaleta nini, inahitaji nini) na majibu huanza kuingiliana. Si lazima ukariri yote 433. Kariri fasili: imani, Kanisa, sakramenti, neema, dhambi, sala. Mengine yaelewe kiasi cha kuweza kuyasema kwa maneno yako bila kupotosha.

Tuchukue fasili moja tuone jinsi inavyofanya kazi. Kitabu kinasema kwamba imani ni fadhila ipitayo maumbile ambayo kwayo tunasadiki, kwa mamlaka ya Mungu, yale aliyoyafunua na ambayo anatupa tuyasadiki kwa njia ya Kanisa. Igawe. "Kwa mamlaka ya Mungu": sababu ya kusadiki iko nje yangu, si kwamba moyo wangu umeguswa. "Aliyoyafunua": kuna maudhui, kuna jambo lililosemwa. "Tuyasadiki": akili inakubali kwamba ni kweli, haichukui tu mwongozo wa tabia njema. "Kwa njia ya Kanisa": sikuyapata peke yangu. Ukifika kwa Lemius utaona umodernisti unaondoa vipande hivi kimojakimoja, na mara nyingi unaacha neno imani palepale lilipokuwa. Asiyekuwa na fasili kichwani hataona kilichotoka.

Katekisimu ya Roma, kwa kuchagua

Hii ndiyo inayoitwa pia Katekisimu ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento. Mtaguso uliiagiza, Papa Pio V akaitoa 1566. Iliandikwa kwa maparoko, wapate kitu cha kuhubiria, kwa hiyo haina maswali na majibu. Ni maelezo marefu yaliyogawanywa katika nguzo nne: Nasadiki, sakramenti, Amri Kumi na Baba Yetu.

Kuisoma yote kabla ya kumgusa Lemius ni kujitesa bure. Chukua mahali patatu. Kwanza dibaji, inayotegemea sura ya kumi ya Waraka kwa Waroma: imani huja kwa kusikia, na kusikia kunahitaji mhubiri aliyetumwa. Pili, maelezo ya kipengele cha kwanza cha Nasadiki, panaposemwa wazi kwamba kusadiki hapa si kudhani wala kukisia wala kuwa na maoni, bali ni akili kukubali kwa uthabiti yale Mungu aliyoyafunua. Tatu, maelezo ya kipengele cha tisa, kuhusu Kanisa na alama zake nne. Kurasa hizo zinatosha kwa wiki mbili za kusoma bila pupa.

Udhaifu wake ni kwamba sentensi ni ndefu, za mtu anayehubiri, na msomaji aliyetoka kwenye majibu mafupi ya 1912 hupoteza uzi. Pia vichwa vidogo unavyoviona katika matoleo ya sasa viliongezwa baadaye ili kurahisisha usomaji. Visaidie macho, lakini usivinukuu kana kwamba ni maneno ya Katekisimu yenyewe.

Lemius yenyewe

Kitabu kinafuata mpangilio wa waraka. Sehemu ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, inamchora mmodernisti katika nafasi saba: mwanafalsafa, mwamini, mwanateolojia, mwanahistoria, mhakiki wa maandiko, mtetezi wa imani na mleta mageuzi. Ya pili inataja chanzo cha kosa: udadisi usio na kiasi, kiburi, na kutoijua falsafa ya kiskolastiki, yaani ile ya shule za Kanisa za karne za kati. Ya tatu inatoa dawa.

Ubora wa kitabu uko katika sura mbili za mwanzo, za mwanafalsafa na mwamini. Huko ndiko msingi ulipo, na Lemius anaukata vipande vidogo kwelikweli. Kwanza uagnostiki: akili ya mtu inaishia kwenye mambo yanayoonekana, haiwezi kuvuka kumfikia Mungu, kwa hiyo Mungu hawezi kuwa somo la elimu wala mhusika wa historia. Halafu imanensia: kwa kuwa mlango wa nje umefungwa, dini lazima itafutwe ndani ya mtu, katika haja ya moyo inayochipuka chini ya ufahamu. Hisia hiyo ndiyo wanayoiita imani, na hisia hiyohiyo ikijitambua ndiyo wanayoiita ufunuo. Kisha akili inakuja kuifafanua hisia kwa maneno, na maneno hayo yakikubaliwa na Kanisa yanaitwa dogma. Na kwa kuwa hisia hubadilika, dogma nayo sharti ibadilike. Ukiisoma kwa mkupuo mmoja katika waraka, hoja hii hukupita. Kwa maswali ya Lemius unaiona ikipanda ngazi kwa ngazi, na unajua ngazi ipi ikivunjwa yote inaanguka: ile ya kwanza. Mtaguso wa Vatikano wa Kwanza, katika hati Dei Filius ya tarehe 24 Aprili 1870, ulikuwa umeshaifunga njia hiyo kwa kufundisha kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa asili wa akili kutokana na viumbe.

Sura ya mwanahistoria nayo inastahili muda. Kuna kanuni tatu ambazo waraka unasema mwanahistoria wa aina hii huzitumia bila kuzitangaza, na mfano unaotumika ni nafsi ya Kristo. Ya kwanza: kwa sababu historia hushughulikia yanayoonekana tu, chochote chenye umungu katika habari za Kristo kifutwe. Ya pili: imani imempandisha Kristo juu ya hali halisi, kwa hiyo chochote kinachomkweza kupita hali za kihistoria kiondolewe pia. Ya tatu: hata katika yaliyobaki, maneno na matendo yasiyolingana na tabia yake, elimu yake, mahali na wakati alioishi yaondolewe. Baada ya kupitisha kanuni hizo, anayebaki ni mtu wa kawaida, na mwanahistoria anasema ushahidi haukuonyesha zaidi ya hapo. Jambo la kushika ni kwamba matokeo yaliwekwa ndani ya kanuni kabla ushahidi haujafunguliwa. Ukishaelewa hilo, utalitambua katika makala yoyote ya Pasaka inayosema ufufuko ni tukio la imani ya mitume tu.

Kuna pia kipande ambacho katika matoleo mengi ya waraka yenye namba ni aya ya 18. Papa anasema kwamba katika vitabu vya watu hawa utakuta ukurasa ambao Mkatoliki angeuridhia kabisa, ukigeuza wa pili unakuta maneno ya mtu asiyeamini ufunuo. Wakiandika historia hawataji umungu wa Kristo. Wakipanda mimbari wanaukiri waziwazi. Kipande hiki ni chombo kizuri cha kazi kwa sababu kinakuonya usimpime mwandishi kwa ukurasa mmoja, wa kumsifu wala wa kumlaumu.

Udhaifu wa Lemius ni mitatu, na wa kwanza ndio mkubwa. Sauti zinachanganyika. Jibu linaweza kuanza kwa kueleza wanavyofundisha wamodernisti, likaendelea mistari kadhaa kana kwamba linafundisha, kisha Papa akaingia na hukumu yake katika jibu linalofuata, wakati mwingine hata katika jibu hilohilo. Dawa yake ni penseli. Kabla ya kujaribu kuelewa chochote, pita sura nzima ukiandika pembeni M palipo na sauti ya mmodernisti na K palipo na sauti ya Kanisa. Sura ya mwanafalsafa itajaa M karibu tupu. Kisha kwa kila M nenda kwenye katekisimu ya 1912 utafute swali linaloijibu, uandike namba yake kando ya ile M. Usipopata swali, rudi kwenye zile sehemu tatu za Katekisimu ya Roma. Kazi hii ni ya polepole, kurasa mbili au tatu kwa kikao, lakini bila hiyo kitabu hakikufai.

Udhaifu wa pili ni kwamba hakitaji watu wala vitabu. Waraka wenyewe haukuwataja, na Lemius hakuongeza. Msomaji wa leo hajui ni nani walikuwa wanajibiwa. Kwa uchache fahamu kwamba Alfred Loisy, padre wa Ufaransa na mtaalamu wa Maandiko, alichapisha mwaka 1902 kitabu chake L'Évangile et l'Église. Vitabu vyake vitano viliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwishoni mwa 1903, na yeye akatengwa na Kanisa tarehe 7 Machi 1908. George Tyrrell, Mjesuiti wa Uingereza mzaliwa wa Ireland, aliondolewa katika shirika lake 1906. Kujua hayo kunakuepusha kudhani kwamba Papa alikuwa anapigana na kivuli.

Wa tatu ni upande wa pili wa huo. Ukisoma kitabu peke yake utadhani kulikuwa na chama chenye ilani moja. Pio X mwenyewe anasema kinyume: kwamba mafundisho hayo yalikuwa yametawanywa, yakitolewa vipandevipande bila mpangilio, na yeye ndiye anayeyakusanya mahali pamoja ili mshikamano wake uonekane. Kwa hiyo si haki kumwona mtu ameshika kipande kimoja ukambebesha mfumo mzima.

Zoezi la makosa 65

Lemius peke yake humfanya msomaji awe mtazamaji. Ili afanye kazi, oanisha kitabu na hati Lamentabili sane exitu ya Ofisi Takatifu (idara ya Papa ya kulinda imani), ya tarehe 3 Julai 1907, miezi miwili kabla ya waraka. Hati hiyo ni orodha ya kauli 65 zilizohukumiwa, kila moja sentensi moja au mbili. Chukua kauli tano kwa kikao; vikao 13 vinaimaliza. Kwa kila kauli andika mistari mitatu: kauli inakana nini, swali gani la 1912 linalokataa kukana huko, na sehemu gani ya Lemius inayoonyesha kauli hiyo inatoka kwenye ngazi ipi ya mfumo.

Mfano, kauli ya 20: ufunuo haungeweza kuwa kitu kingine isipokuwa mtu kutambua uhusiano wake na Mungu. Inachokana ni kwamba Mungu alisema. Inajibiwa na fasili ya imani tuliyoigawa hapo juu, penye "aliyoyafunua". Na kwa Lemius inatoka kwenye imanensia. Kauli ya 26 inasema dogma zishikwe kwa maana ya kiutendaji tu, kama kanuni za mwenendo, si kanuni za kusadiki. Hiyo inagusa "tuyasadiki". Kauli ya 58 inasema ukweli haudumu bila kubadilika zaidi ya mtu mwenyewe, maana unakua pamoja naye, ndani yake na kwa njia yake. Wengi hukosea hapo kwa kuandika kwamba inakana Mungu. Haikani Mungu moja kwa moja. Inakana kwamba kauli iliyokuwa kweli jana lazima iwe kweli leo kwa maana ileile, na ndiyo maana ni ya hatari zaidi: mtu anaweza kuishika huku anasali rozari kila siku.

Na hapa ndipo mahali pagumu kuliko pote katika somo hili, panapowaangusha hata wanaojua mengi. Kukua kwa mafundisho kupo, na Kanisa linakukubali. Vinsenti wa Lerins, katika karne ya tano, alishasema ufahamu uongezeke, ila katika dogma ileile, kwa maana ileile na wazo lilelile. Vatikano wa Kwanza ukayachukua maneno hayo katika Dei Filius. Kipimo ni hiki: kauli mpya ikiondoa maana ya kauli ya zamani, hayo ni mabadiliko, ikiifunua zaidi bila kuipinga, huko ni kukua. Baada ya Pascendi walikuwapo waliodai kwamba waraka umemhukumu Kardinali John Henry Newman, aliyeandika juu ya maendeleo ya mafundisho mwaka 1845. Pio X alijibu kwa barua kwa Askofu Edward O'Dwyer wa Limerick, tarehe 10 Machi 1908, akisema maandiko ya Newman hayana uhusiano na kosa lile. Anayetumia Lemius kupiga kila anayetamka neno maendeleo, na alipime dai lake kwa barua hiyo kwanza.

Kwa kunukuu, Denzinger, yaani mkusanyo wa hati za mafundisho ya Kanisa wenye namba, inarahisisha. Katika matoleo mapya, Lamentabili inaanzia namba 3401, kwa hiyo ongeza 3400 kwenye namba ya kauli: ya 20 ni 3420, ya 58 ni 3458. Katika matoleo ya zamani ongeza 2000. Vitabu vya Kiingereza vya katikati ya karne iliyopita hutumia hesabu ya zamani, vipya hutumia mpya, na makosa mengi ya kunukuu yanatoka kwenye kuchanganya hizo mbili.

Kiapo kama mtihani

Tarehe 1 Septemba 1910 Pio X alitoa Kiapo dhidi ya Umodernisti, kilichoapwa na makleri na walimu wa seminari mpaka kilipoondolewa 1967. Leo hakimfungi mtu kama kiapo, lakini kama muhtasari hakuna maandishi yanayokishinda. Kina mambo matano: Mungu anajulikana kwa hakika kwa akili kupitia alivyoviumba; miujiza na unabii ni ishara za nje za kweli za ufunuo; Kanisa lilianzishwa na Kristo halisi wa historia alipokuwa akiishi kati yetu; mafundisho yamepokewa kutoka kwa mitume kwa maana ileile; na imani si hisia ya upofu inayobubujika kutoka chini ya ufahamu, bali ni akili kuukubali ukweli uliopokewa kutoka nje kwa kusikia. Hilo la tano ndilo lile la dibaji ya Katekisimu ya Roma.

Ukimaliza Lemius, funga vitabu vyote uandike mambo hayo matano kwa maneno yako, kila moja na kauli mojawapo ya Lamentabili inayolipinga. Ukishindwa zaidi ya mawili, rudia sura ya mwanafalsafa, si kitabu kizima.

Halafu fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992. Hatua hii wapenzi wa vitabu vya zamani huiruka, na kwa kuiruka wanajinyima ushahidi wao bora. Jambo la kwanza la kiapo liko namba 36, kwa maneno ya Dei Filius. La pili liko 156, ambapo miujiza na unabii vimetajwa kwa majina. La tatu liko 763 hadi 766. La nne, tazama 66 kwamba hautarajiwi ufunuo mwingine wa hadhara, na 94 kuhusu kukua katika kufahamu. La tano liko 155, kwa maneno ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Kuhusu kauli ya 36 ya Lamentabili, inayosema ufufuko si tukio la mpangilio wa historia, soma namba 639. Anayetaka mtindo wa maswali na majibu katika kitabu cha sasa, Muhtasari wa Katekisimu hiyo, wa 2005, una maswali 598 na unafaa kuwekwa kando ya ule wa 1912.

Yanayoharibika

Neno umodernisti limekuwa tusi la jumla. Gitaa kanisani, Misa kwa lugha ya watu, komunyo mkononi: unaweza kuwa na maoni yako juu ya hayo, lakini kwa fasili ya Pascendi, hilo peke yake si umodernisti. Umodernisti ni fundisho juu ya ufunuo, imani na dogma. Padre anayeimba Kilatini kizuri huku akifundisha kwamba dogma ni alama tu za hisia za dini, huyo ndiye anayeelezwa na Lemius.

La pili ni kutotofautisha fundisho na nidhamu. Katekisimu za zamani zina mambo ya aina zote mbili kwenye ukurasa mmoja, bila alama. Kufunga tangu saa sita za usiku kabla ya komunyo kulikuwa nidhamu: mwaka 1953 maji yaliruhusiwa, mwaka 1957 muda ukawa saa tatu, mwaka 1964 saa moja. Kwamba Kristo yupo kweli katika Ekaristi ni fundisho. Weka alama ya N pembeni ya kila jibu la nidhamu unapopita 1912, hasa katika amri za Kanisa na maandalizi ya sakramenti. Vivyo hivyo sehemu ya tatu ya Lemius, yenye wakaguzi wa vitabu, halmashauri za uangalizi za majimbo zilizotakiwa kukutana kila miezi miwili, na taarifa za maaskofu za kila miaka mitatu: hizo zilikuwa hatua za utawala za wakati wake. Isome mara moja tu, usiizoezee.

Na nani asihangaike na Lemius kabisa? Mtoto wa komunyo ya kwanza, mkatekumeni, na yeyote ambaye bado hajui kueleza sakramenti saba. Kwao 1912 inatosha. Mkatekista anayefundisha vijana wa chuo, mseminari wa falsafa, na mlei anayesoma vitabu vya uhakiki wa Biblia watapata faida kubwa, mradi wafuate mpangilio huu.

Kuhusu nakala: maandishi ya 1908 hayalindwi tena na haki za uchapishaji, kwa hiyo skani za bure ziko nyingi na ubora wake unatofautiana sana. Jaribio la dakika tano linatosha. Fungua sura ya mwanafalsafa, penye imanensia. Angalia kama alama za swali na jibu zipo zote, maana katika maandishi yaliyosomwa na mashine alama hizo hudondoka na swali likaungana na jibu lililotangulia. Kwenye kitabu ambacho tatizo lake tayari ni sauti kuchanganyika, nakala ya namna hiyo haisomeki. Angalia kama vifungu vilivyonukuliwa kutoka Dei Filius vina alama za kunukuu. Kimojawapo kikikosekana, tumia skani ya picha za kurasa badala ya maandishi yaliyogeuzwa, au nunua nakala iliyochapwa upya kwa herufi mpya.